Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Utafiti Unaopaswa Kutangulia Katika Ziwa Letu

Wanachama wenzangu,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawashukuru kwa kufika hapa Kisumu, hasa nyinyi mliovuka ghuba kutoka Mbita na Kendu Bay, na mliosafiri tangu alfajiri kutoka Usenge na Port Victoria. Hesabu za chama zitasomwa na mweka hazina, na habari za wanachama wapya zimo katika taarifa ya katibu, kwa hiyo sitazigusa. Muda niliopewa nitautumia kwa suala moja ambalo kamati ililirudia karibu katika kila kikao cha mwaka huu: tukiulizwa ni utafiti gani utangulie ili viumbe wa Ziwa Viktoria waeleweke na kulindwa, tutajibu nini?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Huko Montreal, Desemba 2022, mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na maji ya bara, na asilimia 30 ya bahari na pwani, iwe imehifadhiwa. Bioanuwai ya majini inapotajwa nchini mwetu, fikra za wengi hukimbilia matumbawe na mikoko ya pwani, na ndugu zetu wa huko wanastahili kila msaada wanaopata. Hata hivyo, siku itafika ambapo mtu ataleta ramani ya ghuba ya Winam na kutuuliza ni sehemu gani ifungwe na ipi iachwe wazi. Asiyejua samaki wanazalia wapi hana jibu la swali hilo.

Hatuanzi bila chochote. Tangu mwaka 2000 nchi tatu zinazolizunguka ziwa zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi kila baada ya miaka miwili hivi, ikihesabu wavuvi, mitumbwi na nyavu, na vyombo vinavyotumia mwangwi wa sauti vimepima wingi wa sangara na omena. Kazi hiyo, ambayo huratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria lenye makao yake Jinja, nasi tunaitegemea. Lakini vipimo hivyo hutueleza zaidi kiasi cha samaki kilichopo kuliko aina zilizopo, na hasara kubwa ya ziwa hili ilikuwa ya aina.

Nawaomba mniruhusu nikae kidogo juu ya fulu. Samaki hawa wadogo, ambao kwenye mizani ya soko hawana hadhi, waligawanyika kuwa aina zipatazo 500 katika ziwa ambalo wanajiolojia wanasema lilikuwa limekauka miaka kama 15,000 iliyopita. Ni machache sana duniani yanayolingana na hilo. Katika miaka ya 1970 walikuwa bado karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini. Sangara, ambaye kwetu ni mbuta, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipofurika mwanzoni mwa miaka ya 1980, mamia ya aina za fulu hazikuonekana tena. Mbuta hakuwa adui wao wa pekee. Mwaka 1997 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba jike wa fulu humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yanapochafuka na mwanga kupungua, rangi hazionekani vizuri, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika. Hivyo mbolea na udongo vinavyoletwa na mito ya Nyando na Sondu-Miriu vinaweza kumaliza aina ya samaki bila mvuvi hata mmoja kutupa wavu.

Tangu miaka ya 1990 baadhi ya fulu wamerejea. Ni aina zipi? Ufuoni wote hutiwa katika beseni moja kwa jina moja, na nyingi kati ya aina hizo hazijapewa jina la kisayansi. Kwa sababu hiyo kamati inapendekeza kwamba kazi ya kwanza iwe uainishaji: kukusanya na kuhifadhi vielelezo, kupima chembe za DNA zinazobaki ndani ya maji, na kuwafundisha vijana wetu kazi ya kutambua aina, ambayo ina mafundi wachache mno.

La pili ni mazalio. Wazee waliopo hapa wanamkumbuka ningu, samaki anayepanda mito mvua zinapoanza ili kutaga mayai. Nyavu zilitandazwa kwenye midomo ya mito, majike wakanaswa wakiwa na mayai tumboni, na kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Mvuvi aliyejua njia ya ningu alikuwapo. Hakuna aliyemwuliza mapema. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa naona likitaka kujirudia katika mafunjo ya Dunga na katika vinamasi vya Yala. Humo Yala limo Ziwa Kanyaboli, ambamo ngege, tilapia wa asili wa ziwa letu, bado yupo baada ya karibu kutoweka katika ziwa kuu. Tishio lake sasa ni kuzaana na tilapia wa Nile, na kila kipande cha kinamasi kinachogeuzwa shamba kinampunguzia hifadhi. Kanyaboli lichunguzwe sasa, wakati ngege halisi bado anaweza kupatikana.

Baadhi ya wajumbe wa kamati walitaka utafiti wa vizimba vya kufugia samaki utangulie. Hoja yao ni nzito: mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa ghuba walipoteza samaki wengi maji yalipokosa oksijeni, na mabaki ya chakula yanayozama chini ya vizimba hayajafuatiliwa vya kutosha. Nilikubaliana nao kuhusu uzito wa jambo, si kuhusu nafasi yake, maana madhara ya kizimba hayapimiki mahali ambapo hatujui kilichokuwa kikiishi kabla yake. Gugumaji nalo limetafitiwa kwa miaka mingi. Lisisahauliwe, ila lisimeze fedha zote.

Mapendekezo haya mawili yatapigiwa kura alasiri. Yakipita, tutayapeleka kwa kituo cha utafiti wa uvuvi hapa Kisumu na kwa serikali za kaunti tano za kando ya ziwa. Upande wetu unaanza mara moja: katibu ana madaftari mezani, na kila ufuo uchukue moja, uandike tarehe, mahali na aina ya kila samaki aliyepatikana akiwa na mayai, kuanzia mvua za masika. Jina liandikwe kama linavyotamkwa nyumbani, kwani wazee wetu walikuwa na majina ambayo watafiti bado hawajayasikia.