Risala ya washiriki wa mafunzo ya akiolojia ya chini ya maji kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Wakufunzi wetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutufungia mafunzo. Sisi ni washiriki 22. Nusu yetu ni wazamiaji, nusu si wazamiaji, na katika hao wa pili wamo wasiojua hata kuogelea.

Ndugu Mgeni Rasmi, siku ya kwanza tulikaa pande mbili za ukumbi bila kupangwa na mtu. Wenye mitungi ya hewa huku, wenye madaftari kule. Wazamiaji walidhani kozi ni yao na wenzao wamekuja kuwashikia taulo. Tunaona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mkufunzi hakubishana nasi, alitusimulia tu. Mwaka 1900 wazamiaji wa sifongo wa Ugiriki waligundua meli ya kale karibu na kisiwa cha Antikythera. Vitu vikapandishwa na kupelekwa makumbusho ya Athens, na kati yake lilikuwemo bonge la shaba lililoliwa na kutu ambalo halikumshughulisha mtu. Mwaka 1902 Valerios Stais, akiwa nchi kavu humo makumbusho, akaona gurudumu la meno ndani ya bonge lile. Kumbe ni mtambo wa kukokotoa mienendo ya jua na mwezi! Tukaambiwa na habari za Anders Franzén wa Sweden, aliyechimbua nyaraka za zamani kwa miaka akiitafuta meli ya kivita iliyozama, kisha mwaka 1956 akateremsha kutoka kwenye boti kifaa cha kuchotea sampuli. Kilirudi na kipande cha mwaloni mweusi. Meli ya Vasa, iliyozama mwaka 1628, ilikuwa imepatikana kabla mzamiaji hajalowa.

Wazamiaji wakaanza kununa. Ndipo akamtaja George Bass, mwanaakiolojia wa Marekani aliyejifunza kuzamia ili aongoze uchimbaji wa meli ya kale iliyozama Cape Gelidonya, Uturuki, mwaka 1960, kwa macho yake mwenyewe. Zamani wanaakiolojia walizoea kungoja juu ya boti waletewe vitu.

Mafunzo yenyewe yalianzia sakafuni. Tulipanga mbao, vyungu na nanga iliyovunjika kama mabaki ya meli, tukaziba vioo vya miwani kwa karatasi, tukakatazwa kusema. Kilichobaki ni ishara za mikono na kamba. Kisha tukahamia bwawani. Ndani ya maji kitu huonekana kikubwa na cha karibu kuliko kilivyo, hivyo jicho haliaminiki. Kinachoaminika ni futi kamba. Kila kitu tulikipima kutoka pointi tatu au zaidi zilizokwisha fungwa imara, na vipimo vikaandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya plastiki. Penseli hufungwa kwa uzi. Asiyefunga huitazama ikielea kwenda zake juu.

Siku ya nne nanga yetu ilitoka kwenye mchoro ikiwa nje kabisa ya meli. Wazamiaji waliapa kwamba wamepima sawasawa. Mwenzetu mmoja wa meza ya kumbukumbu, yule yule asiyejua kuogelea, alizipitia karatasi zote na kukuta 4.12 imenakiliwa 2.14. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa pande mbili.

Kwenye meli ya kale iliyozama Uluburun, Uturuki, wazamiaji walishuka mara 22,413 kati ya 1984 na 1994. Fikiria karatasi!

Ndugu Mgeni Rasmi, somo lililotuuma ni la uhifadhi. Mmoja wetu alikiri kwamba miaka iliyopita aliokota msumari wa chuma kwenye meli iliyozama, akauweka rafuni kama pambo. Umebaki unga mwekundu. Chuma kilichokunywa chumvi kikikauka hupasuka, na mbao husinyaa. Vasa ilipopandishwa mwaka 1961 ilinyunyiziwa dawa ya kuzuia mbao zisisinyae kwa miaka 17. Ndiyo maana Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni wa chini ya maji unataka kukiacha kitu pale kilipo kufikiriwe kwanza, kabla ya wazo la kukipandisha.

Kwa hiyo hatuombi boti, ingawa najua ulijiandaa kulisikia ombi hilo. Tunaomba matangi ya plastiki yenye mifuniko, maji yasiyo na chumvi ya kubadilisha mara kwa mara, na chumba kimoja cha kutunzia michoro na karatasi zetu. Bila hivyo tumekubaliana tusiinue kitu chochote chini, hata kigae.

Ombi la pili ni dogo kwa gharama. Cheti kiwe kimoja kwa wote. Kuna mawazo kwamba wasiozamia wapewe cheti cha mahudhurio tu. Aliyeipata nanga yetu hakuwa amehudhuria tu.

Kabla ya kutukabidhi vyeti, tunakuomba upite meza ya mwisho kushoto. Kuna fremu ya mita moja kwa moja iliyopigwa nyuzi, na vyungu viwili vilivyovunjika. Viatu si lazima uvue. Futi kamba tumekuwekea. Karani wako yupo tayari, na namba zako atazisoma mara mbili.

Tunaomba kuwasilisha.