Ghorofa ya juu haimo kwenye ramani: tupateje hati za fleti zetu?

Mwanasheria, salaam.

Jengo letu liko Nyali, Mombasa: fleti 24 kwenye kiwanja kimoja cha lisi (ardhi ya kukodi kwa muda maalumu) kilichobakiza miaka 62. Kila mwenye fleti ana mkataba wa upangaji wa muda mrefu uliosajiliwa, si hati ya fleti yenyewe. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, iliyoanza kazi tarehe 28 Desemba mwaka huo, ilitoa miaka 2 mikataba ya namna hii igeuzwe kuwa hati za fleti. Tumechelewa, lakini tumeshaanza.

Mpimaji mwenye leseni ameandaa rasimu ya ramani ya sehemu, kila fleti na namba yake, mipaka na ukubwa wa sakafu. Ngazi, chumba cha pampu na maegesho ameyaweka kuwa mali ya pamoja. Hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima, iko kwa mwendelezaji aliyejenga na kuuza fleti, naye hapokei simu. Hilo halitutishi sana, maana msajili anaweza kuendelea bila yeye na kuweka zuio kwenye hati hiyo. Muda wa lisi nao si kikwazo. Sheria inataka isipungue miaka 21.

Tulipokwama ni ghorofa ya juu. Ramani ya sehemu lazima itokane na ramani ya ujenzi iliyoidhinishwa na kaunti, na yenye muhuri inaishia fleti ya 20. Mlango wa chuma mwisho wa ngazi, kwenye karatasi, unatokea darini penye matangi. Leo unafungukia ukumbi wa fleti ya 21, na matangi yamepandishwa juu zaidi.

Baadhi ya majirani wanataka zile 20 zisajiliwe kwanza, wale wanne wangoje. Hapo tunaona hatari. Fleti 20 zina mita za mraba 90 kila moja, zile 4 zina 110. Zikihesabiwa zote, kigawo (sehemu ya kila fleti katika jumla ya ukubwa) cha kila moja ya zile 20 ni asilimia 4.02, zikiachwa 4, ni asilimia 5 kamili. Kigawo ndicho kinachopima kura katika shirika la wenye fleti, mchango wa matengenezo na fungu la kila mtu katika mali ya pamoja. Kikishasajiliwa, kukibadilisha ni kugusa hati za watu wote. Na wale wanne, walionunua kwa nia njema, watabaki wakiishi juu ya paa ambalo kisheria ni la wengine.

Tunaomba ushauri wako. Je, tuombe kwanza kaunti irasimishe ghorofa hiyo, na ombi hilo lipelekwe na nani iwapo mwendelezaji hapatikani? Ripoti ya mhandisi kuhusu nguzo na msingi itatosha kuambatanishwa na ombi hilo, au kuna zaidi? Na kaunti ikikataa, wale wanne wanabaki na haki gani juu ya mikataba yao iliyosajiliwa?

Kamati ya wenye fleti, Nyali