Johnny Hodges naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Niliisoma kwa furaha makala yenu ya Jumapili kuhusu Duke Ellington, yule kiongozi wa bendi kubwa ya jazi wa Marekani, lakini nilipofika mwisho nikakunja gazeti kwa masikitiko. Ukurasa mzima, na Johnny Hodges, mpuliza saksafoni wa bendi yake, hakutajwa hata mara moja. Sasa zile nyimbo za taratibu mlizozisifia, saksafoni yake ya alto ilikuwa inapulizwa na nani?

Hodges alizaliwa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1907, akakulia Boston jirani na Harry Carney, ambaye naye alikuja kupuliza saksafoni ya baritoni katika bendi hiyohiyo. Sidney Bechet, gwiji wa jazi kutoka New Orleans, ndiye aliyemfungulia njia ya saksafoni ya soprano. Mwaka 1928 akaingia kwa Ellington na, ukiondoa miaka ya 1951 hadi 1955 alipoongoza bendi yake mwenyewe, hakuondoka tena.

Mimi nimepuliza alto kwenye bendi za dansi kwa miaka thelathini, na kazi ile naijua ugumu wake. Hodges huishika noti kutokea chini, akaivuta polepole mpaka ikae mahali pake, kama fidla ya taarabu inavyomfuata mwimbaji. Midomo lazima itulie na pumzi isitetereke hata kidogo, la sivyo sauti inakatika au inapotoka. Nilimpa mwanafunzi wangu mmoja mistari minne tu ya Hodges aiige. Kijana yule vidole vyake vina kasi kuliko vyangu, lakini alikwama kwenye noti ya pili wiki nzima. Vijana wetu wanafundishwa mbio. Kuikalisha noti moja hawafundishwi, na hilo linaniuma.

Kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, Julai 1956, Paul Gonsalves wa bendi hiyohiyo alipuliza saksafoni yake ya tenor mizunguko 27 mfululizo, watu wakaacha viti wakacheza, mpaka waandaaji wakaingiwa na hofu. Ellington alimwita nani kuituliza halaiki ile? Hodges. Akasimama mbele na uso wake uleule usioonyesha kitu, akapuliza taratibu.

Hakuwa mtu wa madoido jukwaani, ila haki yake aliidai hadharani. Vipande alivyobuni yeye viligeuzwa nyimbo za Ellington, na wenzake walisimulia jinsi alivyomgeukia kiongozi wake katikati ya onyesho, akasugua vidole kama mtu anayehesabu noti za fedha. Wako wanaomwona mkorofi kwa hilo. Mimi namwona fundi aliyejua thamani ya kazi yake.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mkirudi kwenye habari za bendi kubwa, mwandishi wenu akae pia na wale wa viti vya nyuma ya kiongozi. Ellington aliandika muziki kwa kumfikiria mtu, si chombo tu. Mwaka 1970 alikuwa akirekodi kazi yake kuhusu New Orleans, ndani yake mna kipande cha kumuenzi Bechet, na alitaka Hodges aishike tena soprano aliyokuwa ameiweka kando kwa miaka karibu thelathini. Tarehe 11 Mei Hodges alikwenda kwa daktari wa meno huko New York, akafia hapo, akiwa na umri wa miaka 62. Kipande kile kikapulizwa na Gonsalves, kwa saksafoni ya tenor.

Mpuliza saksafoni mstaafu,
Morogoro