Chokaa ya madarajani ichukuliwe sampuli kabla ya kukwanguliwa

Mhariri,

Kiangazi mafundi wa ukarabati hukwangua utando mweupe ulioganda chini ya madaraja, kwenye makalavati na kuta za zege, kisha huutupa. Tunawaomba wachukue sampuli kwanza, maana ndani yake mna kumbukumbu ya mvua.

Maji yanayopenya kwenye ufa huyeyusha chokaa iliyomo kwenye zege. Yakitokeza nje hufyonza hewa ya ukaa, na kalisi kaboneti, yaani ule utando mweupe, huganda palepale. Ndiyo maana kijiti kinachoning'inia kwenye zege kinaweza kurefuka hadi milimita 2 kwa siku, kiasi ambacho cha pangoni kwa kawaida hakifikishi kwa mwaka mzima.

Huku Mbeya, Njombe na Iringa tuna bahati kubwa: mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Masika huacha tabaka safi, kiangazi huacha mstari wa vumbi. Mwanzo wa hesabu ya miaka nao unajulikana. Katika mahandaki ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kati ya Mlimba na Makambako, tabaka haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko reli yenyewe, iliyokamilika 1975. (Handakini haingiwi bila kibali.)

Kijiti kiacheni, kina tundu katikati na huvunjika ovyo. Chukueni ganda la sakafuni, chini kabisa ya tone. Lipigeni picha pamoja na rula, andikeni mahali, tarehe na upande uliokuwa juu. Vaeni glavu na miwani, kwani maji hayo ni ya alkali, huwa na pH ya 9 na kuendelea, na yanaweza kuunguza ngozi. Likateni wima, lisugueni kwa msasa namba 400 kisha 1200, kwa maji, halafu mhesabu matabaka kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kipande kisichotoa povu kikidondoshewa siki si kaboneti. Huenda ni chumvi tu.

Kinachopotosha zaidi ni bomba lililopasuka: hudondosha kiangazi na masika, na matabaka hayatofautiani. Ufa nao hujiziba kwa chokaa yake, hivyo tabaka likikosekana msikimbilie kusema palikuwa na ukame. Linganisheni nyufa tatu au nne, pamoja na vipimo vya mvua vya kituo cha karibu. Joto la zamani msilitafute humo kwa isotopu za oksijeni (atomi zake zenye uzito tofauti) kama ifanywavyo kwa chokaa ya mapangoni: mgando huu ni wa haraka mno, uwiano wake huvurugika.

Wajiolojia, Mbeya