Rafu za Wazi Jikoni: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuacha Kabati

Wateja wengi wanaofika karakanani kwetu hapa Mtwara huja na picha kwenye simu, nayo huonyesha jiko jeupe lisilo na kabati ukutani, ila mbao mbili au tatu zilizopangwa sahani, vikombe na mabakuli yanayoonekana yote kwa mara moja. Hatuna ubishi na uzuri wa picha hizo. Hata hivyo, kabla ya kuchukua vipimo huwa tunauliza jambo ambalo picha haiwezi kulijibu: mnapikia nini, na mnapikia wapi?

Tunauliza hivyo kwa sababu kinachoamua kama rafu ya wazi itadumu na sura yake ni hewa ya jiko lenyewe. Unapokaanga samaki au vitumbua, sehemu ya mafuta hupanda pamoja na mvuke, hupoa, kisha hutua juu ya kila kitu kilicho karibu na kuacha utando mwembamba ambao hauonekani kwa siku za mwanzo. Vumbi linalopita hunasa kwenye utando huo, na baada ya wiki chache vyombo huwa na uchafu wa kunata ambao maji matupu hayautoi, bali huhitaji maji ya moto na sabuni. Mkaa nao huleta majivu, na kuni huleta masizi. Kwa familia inayotumia gesi ndani na kukaangia uani, rafu za wazi hazina shida kubwa. Lakini pale ambapo kuni au mkaa huwashwa katika chumba kile kile chenye vyombo, ushauri wetu ni kabati lenye milango, hata kama kwa kusema hivyo tunajikosesha kazi ya haraka.

Asiye na hakika anaweza kujipima mwenyewe bila gharama yoyote. Chukua sahani safi, iweke kwenye kimo ambacho unataka rafu ikae, juu ya friji kwa mfano, uiache wiki mbili bila kuigusa, kisha pitisha kidole katikati yake. Kidole kikitoka na vumbi kavu linalopeperuka ukilipuliza, jiko lako linafaa. Kikinata na kuacha mstari wa njano, basi kila chombo utakachoweka hapo kitakuwa kinakudai maji ya moto na sabuni.

Ni kweli kwamba sahani na vikombe vinavyotumika kila siku havipati muda wa kuchafuka, kwa kuwa vinaoshwa kila siku hata hivyo. Vinavyoteseka ni vile vya akiba: seti ya wageni inayotolewa wakati wa Idi, birika la zawadi ya harusi, sufuria kubwa ya shughuli. Vitu hivyo ndivyo watu hupenda kuvionyesha, na ndivyo visivyostahili kukaa wazi. Unga, sukari na chumvi navyo visiwekwe hapo isipokuwa ndani ya makopo yenye vifuniko vinavyobana, kwa sababu hewa yetu ya pwani ina unyevu, chumvi hulowa upesi, na panya na mende hawahitaji kufunguliwa mlango.

Mahali nyumba ilipo nako kuna uzito wake. Shangani na maeneo mengine yanayotazama bahari, upepo wa kusi huleta chumvi ndani, na mabano ya chuma cha kawaida huanza kutoa kutu kwenye matundu ya skrubu na kwenye kingo zilizokatwa, hata yakiwa yamepakwa rangi, hadi michirizi ya kahawia ishuke kwenye ukuta mweupe. Hapo tunatumia mabano ya mbao au chuma kisichoshika kutu, pamoja na skrubu za aina hiyo hiyo. Kwa wateja wa Tandahimba na Newala, au walio pembezoni mwa mji ambako mikorosho imeanzia nyuma ya nyumba, jambo la kuangalia ni salfa. Wakati wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, unga ule wa njano wa salfa hupeperushwa mbali na shamba, na jiko lenye dirisha upande huo halitapona kwa kitambaa cha kufutia peke yake.

Pamoja na hayo yote, hatusemi kwamba kabati ndilo salama daima. Kabati la bodi za MDF (nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) lililofungwa muda wote wakati wa masika hushika ukungu, na bodi ikipata maji kingoni huvimba, bawaba zikalegea. Ubao wa mninga au mkongo ulioachwa wazi na kupakwa vanishi pande zote, pamoja na upande wa chini ambao mafundi wengi huuruka, hupata hewa na hukauka upesi. (Wapo wanaotuomba mpingo, lakini ni mti mzito mno, na ni nadra gogo lake kutoa ubao mpana wa kutosha.)

Ukiamua kuweka rafu, upana wa inchi 12 hutosha sahani kubwa, na inchi 8 hutosha vikombe. Mabano yasiachane zaidi ya futi 2 kwa ubao wa inchi 1. Ukiongeza nafasi hiyo mara mbili huku uzito na unene vikibaki vile vile, ubao hubonyea takriban mara nane katikati, na dazeni moja ya sahani za udongo si mzigo mdogo. Juu ya jiko la gesi acha angalau inchi 30 bila ubao wowote, au bora zaidi usiweke kabisa. Ukuta wa tofali za saruji hushika skrubu vizuri. Nyumba za zamani za Mikindani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ni suala jingine, kwani plasta yake humomonyoka inapotobolewa, na huko tunatengeneza rafu inayosimama sakafuni badala ya kuning'inia.

Kwa nyumba nyingi za hapa, tunachopendekeza ni rafu moja au mbili karibu na sinki kwa vyombo vya kila siku, na kabati la milango kwa vilivyobaki. Unapokuja kwa ajili ya vipimo, tafadhali njoo na urefu wa ukuta, picha inayoonyesha dirisha na jiko lilipo, na sahani yako pana kuliko zote.