Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Jiko la shule limeacha kuni, darasa bado

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni fundi mwashi, kazi zangu nyingi nazifanya vijijini Kasulu, na nakuandikia kuhusu kuni. Za kupikia Serikali imekwisha kuzisemea: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na Mei mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini ziko kuni nyingine ambazo hakuna anayezihesabu, nazo zimo ndani ya kuta za madarasa tunayojenga kwa fedha za Serikali na nguvu za wananchi.

Fedha za darasa zikiingia, kijiji huambiwa kichangie tofali, mchanga, mawe na maji. Tofali kwetu maana yake ni za kuchoma. Vijana hushuka bondeni, huchimba udongo, hufyatua kwa kibao, hukausha, kisha hupanga tanuru lenye midomo chini. Kwenye ile midomo huingia magogo mazima, maana kijiti hakiwezi kuivisha tofali la katikati. Nje hukandikwa udongo, na moto huwaka usiku na mchana kwa siku kadhaa. Tanuru likifunguliwa, tofali za pembeni ukizigonga zinalia butu kwa kuwa hazijaiva, na mvua zikija zinamomonyoka. Za karibu na moto zimeungua na kupinda. Zilizofaa na zisizofaa, zote zimekula miti ya miombo. Bondeni yanabaki mashimo yenye maji yaliyotuama. Wenzetu wa Kyela na Mbarali walau wana pumba za mpunga za kuchomea.

Takwimu za Serikali yenyewe zimekuwa zikitaja upotevu wa takribani hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Sisemi zote zinaishia kwenye tanuru. Kilimo na mkaa vina sehemu kubwa. Ila sehemu ya tofali, Mheshimiwa, iko mikononi mwako, kwa sababu hakuna mjenzi mkubwa vijijini kuliko halmashauri. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 kwa miezi michache, shilingi milioni 20 kila moja. Watoto walipata pa kukaa, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kazi ikiwa ya kukimbizana na tarehe, kamati ya ujenzi hununua tofali inalolikuta limepangwa kando ya barabara.

Njia nyingine tunayo, na imefanyiwa kazi hapahapa nchini. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehimiza tofali za kufungamana kwa miaka mingi, na Shirika la Nyumba la Taifa liliwahi kugawa mashine za kuzifyatulia kwa vikundi vya vijana kwenye halmashauri. Udongo mwekundu wa hapohapo kiwanjani huchekechwa, huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwenye mashine, kisha tofali hufunikwa na kumwagiliwa maji kwa wiki nzima. Halichomwi. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa tofali 60 na zaidi udongo ukiwa mzuri, na ukutani zinakamatana zenyewe, hivyo saruji ya kuunganishia ni ndogo sana.

Kosa linaloharibu sifa yake ni kutopima udongo. Kipimo cha kwanza hakina gharama: udongo kwenye chupa, maji, tikisa, acha utulie, uone mchanga umekaa kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka. Nimeona ukuta uliojengwa bila kipimo hiki, umemong'onyoka chini, na kijiji kizima kikaapa kurudi kwenye tanuru. Walikuwa na haki ya kukasirika. Ndiyo maana sitaki agizo la haraka la kupiga marufuku tofali za kuchoma. Vijana wa tanuru nao wana familia.

Ninachoomba ni hiki. Michoro na makadirio ya madarasa na zahanati mnayotuma halmashauri itaje wazi tofali za kufungamana pale udongo unapofaa, ili mhandisi wa wilaya asiogope hoja ya ukaguzi kwa kuzitumia. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inunulie vijana hao wa tanuru mashine, na ile asilimia 30 ya ununuzi wa umma iliyotengewa makundi maalumu iwape zabuni ya kufyatua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iwafundishe kupima udongo kabla mashine haijafika. Na fedha zitoke mapema, kiangazi kikianza, tofali lipate siku zake 28 za kukomaa kabla ya kupanda ukutani.

Mkiruhusu, anzeni na wilaya moja. Kasulu udongo upo, mafundi tupo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mwashi, Kasulu, Kigoma