Aliyevaa barakoa asiulizwe anaumwa nini

Ndugu mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo niliseme hili maana limenikaa moyoni muda mrefu. Huku kwetu Mtwara ukivaa barakoa siku hizi, korona yenyewe hata haizungumzwi tena, swali la kwanza unalokutana nalo kabla hata ya salamu ni "vipi, unaumwa?" Ukipanda daladala ya kwenda Mikindani umevaa, siti ya pembeni yako inabaki wazi mpaka gari lijae kabisa, na atakayelazimika kukaa hapo anageuzia uso dirishani safari nzima. Sokoni chenji unawekewa juu ya meza badala ya kupewa mkononi. Najua hawafanyi kwa ubaya, watu wana hofu, lakini mwisho wake ni kwamba mtu anaivua anaitia mfukoni, na wanaoivua wa kwanza ni walewale waliokuwa wanaihitaji kuliko wote.

Tumefikaje hapa? Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na haikuchukua muda mafundi cherehani wakawa wanashona barakoa za vitenge, kila mtu anayo, ila wengi tulizivalia kidevuni, mtu akitaka kuongea anaishusha akinyamaza anaipandisha, wakati mate yanaruka zaidi pale unapoongea sio pale ulipokaa kimya. Baadae ikaisha taratibu, chanjo ikaja 2021, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likasema korona sio dharura tena. Sawa. Lakini barakoa ikabaki kichwani mwetu kama alama ya kwamba huyu ana kitu, msogelee kwa tahadhari.

Sasa nikueleze ya kijana mmoja mtaani kwetu, jina lake na mtaa naviacha. Aligundulika na kifua kikuu, akaanzishiwa dawa, na dawa zenyewe hospitali za serikali ni bure, unameza miezi sita. Wiki za mwanzo akaambiwa avae barakoa akiwa karibu na watu, kwa sababu bakteria wa TB wanasafiri kwa hewa mtu akikohoa au akiongea, na baada ya wiki kadhaa za dawa, kama zinafanya kazi vizuri na anameza bila kuruka, uwezekano wa kuambukiza unashuka sana. Kwa hiyo alikuwa anatulinda sisi. Na sisi tukamfanyia nini? Kijiweni kahawa yake ikawa inamiminwa kwenye kikombe cha peke yake kilichopasuka mdomo, akifika watu wanakumbuka wana shughuli. Akaacha kuivaa. Akawa anakaa barazani uso wazi anakohoa kama watu wote na mambo yakarudi kuwa mazuri, kahawa akapewa kama wengine! Hilo liliniuma sana, mhariri, tulimpokea vizuri siku aliyoacha kutulinda.

Na kufunika uso kwenyewe sio kitu kigeni kwetu watu wa pwani. Dada zetu na mama zetu wa nikabu wako sokoni, wako hospitali, wako kwenye bajaji, tunaongea nao, tunacheka nao na kutaniana nao, na anayemfahamu mtu anamtambua kwa sauti, kwa mwendo, kwa macho tu. Hakuna anayemuuliza mama wa nikabu unaumwa nini. Kwa hiyo tukitaka tunaweza kabisa.

Ila nisiseme upande mmoja, kuna kinachopungua. Mdomo ukifunikwa maneno hayasikiki sawa, na wazee wetu wengi masikio yameanza kuchoka, wanasikia nusu kwa sikio na nusu kwa kutazama midomo bila wenyewe kujua. Simama dirisha la dawa zahanati yoyote uone. Muuguzi yuko ndani ya kioo, amevaa barakoa, anaongea haraka maana foleni ni ndefu, bibi anaitikia "eeh mwanangu, eeh", anakunja bahasha anaifunga kwenye pindo la kanga, akifika kwenye benchi anamgeukia aliyekaa pale anamuuliza kwa sauti ya chini, "eti amesema mbili asubuhi au moja?" Na yule wa benchi hajui. Hapa dawa sio kuwavua wauguzi barakoa, wao wako kwenye hatari kila siku. Waongee taratibu, wamtazame mtu, na kabla hajaondoka wamwambie bibi hebu nirudishie, utameza vipi? Na viziwi ndio kabisa, wao mdomo na uso mzima ni sehemu ya lugha, waandikiwe.

Lakini kinachonisukuma hasa kuandika ni msimu wa salfa. Kuanzia mwezi wa tano wa sita mikorosho ikianza kutoa machipukizi na maua, kuanzia Nanguruwe, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, vijana wanaingia mashambani alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, mashine mgongoni, wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Unga ule wa njano unaujaa mti mzima na unamrudia mpulizaji, kope za njano, makamasi ya njano, macho yanawasha mpaka usiku, na kifua kinabana. Usoni amejifunga tisheti kuukuu. Ukimwambia vaa barakoa anakujibu hiyo ya wagonjwa, wenzangu watanionaje. Wengine wanasema inabana pumzi, na hilo ni kweli maana mashine nzito na mwendo ni mrefu, basi apumzike kila baada ya mistari kadhaa, atoke pembeni ya vumbi aishushe avute hewa, arudi.

Na zile za bluu za hospitali hazimfai huyu, pembeni ziko wazi unga unapita. Anahitaji zile ngumu za N95 zinazobana uso, pamoja na miwani ya kuzuia vumbi. Serikali imekuwa ikiwapa wakulima salfa ya ruzuku kupitia Bodi ya Korosho, na mkulima anakwenda kuchukua mifuko yake kwa utaratibu unaojulikana. Ombi langu ni hili: pale anaposaini mifuko, apewe na barakoa za kutosha msimu mzima, na bwana shamba amuonyeshe palepale namna ya kuivaa na lini aitupe. Viongozi wa AMCOS, yaani vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, nao siku ya kugawa wasimame mbele wamezivaa, vijana wawaone.

Ni mimi msomaji wako,
Mkulima wa korosho, Mtwara